Nani Atamfunga Panya Kengele?

Nyote mnakijua kile kisa cha panya waliofanya mkutano wakakubaliana kwamba paka afungwe kengele shingoni, kisha wakatazamana kila mmoja akimsubiri mwenzake. Leo nakigeuza kisa hicho chini juu. Anayefungwa kengele ni panya mwenyewe, pamoja na kindi, sange na wadogo wengine wa aina yao. Na anayemfunga ni mtaalamu anayetaka kujua mnyama huyo anafanya nini wakati hakuna jicho la binadamu linalomwona. Kengele yenyewe haitoi sauti yoyote. Ni kidude kidogo kinachohesabu mitikisiko.

Kabla sijaingia katika somo sina budi kukiri kosa, maana bila kosa hilo nisingeandika makala haya.

Kwetu ni Kilifi, ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa, kaka yangu alitega mtego wa kamba mahali ambapo hatukupaswa kutega, na asubuhi tukamkuta sange amenaswa mguu, yu hai. Kwa wasiomjua, sange ni mnyama mwenye pua ndefu inayochezacheza kama mkonga, miguu myembamba kama njiti, na huyu wetu wa pwani ana matako ya rangi ya dhahabu utadhani amekalia rangi mbichi. Watu humwita panya, lakini si panya hata kidogo. Wataalamu wa nasaba za wanyama wamegundua kwamba yuko karibu zaidi na ndovu, pimbi na nguva kuliko alivyo karibu na panya. Mkonga ule si bure, bwana!

Basi tulikuwa na ubishi wa siku nyingi. Nyanya alikuwa akisema sange halali mahali pamoja kila siku. Kaka akasema huo ni uongo wa wazee, kila mnyama ana nyumba yake. Tukaamua kukata shauri. Nyanya alikuwa na njuga za ngoma za zamani, na moja ilikuwa imechomoka. Tukaifunga kwa uzi wa nailoni shingoni mwa sange, tukamwachilia. Siku ya kwanza tulimsikia, chwe-chwe-chwe, mpaka jioni. Siku ya pili tulimsikia kwa mbali. Siku ya tatu kimya. Tulimkuta kwenye kichaka, uzi umeshika kijiti, yeye amejizungushazungusha mpaka akajinyonga. Siafu walikuwa wamefika kabla yetu.

"Ni mnyama tu," alisema kaka, lakini na yeye hakula chakula cha mchana. Nyanya tulipomweleza hakutuchapa. Alisema, "Mlitaka kujua anapolala. Sasa mmejua." Wallahi ningependa angetuchapa.

Haya, somo sasa.

Neno lenyewe lilitupa taabu. Nilipolileta mbele ya chama chetu cha Kiswahili, mwenzangu mmoja alipendekeza tuseme "sensa". Ukumbi ukaangua kicheko: sensa si ni ile ya kuhesabu watu? Tuliifanya mwaka 2019, na hakuna aliyefungwa chochote shingoni. Mlezi wa chama akatukumbusha kwamba liko neno "kihisi", kitu kinachohisi, na wingi wake ni vihisi. Kihisi cha joto, kihisi cha mwanga, kihisi cha mtikisiko. Nami nitalitumia hilo. Hiki cha mtikisiko kinaitwa aksilerometa, yaani kipimamchapuko. Mchapuko, kama mjuavyo wanafunzi wa Fizikia, ni jinsi mwendo unavyobadilika kwa kila sekunde.

Zamani vidude hivi havikuwako. Aliyetaka kumjua mnyama mdogo alijificha kichakani na daftari, akang'atwa na mbu, na mnyama akaingia shimoni, hadithi ikaishia hapo. Mwaka 1959 watafiti wa Marekani walieleza jinsi walivyotengeneza redio ndogo ya kupandikizwa ndani ya mwili wa mnyama wa mashimoni anayeitwa marmoti. Mwaka 1963 William Cochran na Rexford Lord, huko Illinois, walichapisha mpango wao wa kumfuata mnyama wa mwituni kwa redio, na miongoni mwa wanyama wao alikuwamo sungura. Tangu hapo mtafiti aliweza kutembea na eriali mkononi akisikiliza pi... pi... pi..., na sauti ikizidi nguvu anajua anamkaribia mwenyewe. Hiyo ni njuga yetu hasa, ila yenye adabu. Lakini redio ilisema "niko hapa" tu. Haikusema kama mnyama amelala, anakula, au anakimbizwa.

Aksilerometa ndiyo iliyokuja kusema hayo. Ndani yake mna kipande kidogo mno cha silikoni kilichoning'inizwa kwa vijispringi ambavyo huwezi kuviona kwa macho. Kidude kikitikiswa, kipande kile kinabaki nyuma kidogo, kama abiria anavyosukumwa nyuma matatu inapong'oka kwa ghafula. Kadiri kinavyosogea, umeme unaopimwa pembeni yake unabadilika (wale mliofika somo la kapasita mtaelewa haraka). Kuna vipimo vitatu kwa pamoja: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Kidude cha aina hiyohiyo kimo ndani ya simu za siku hizi, ndicho kinachofanya picha igeuke ukiilaza simu ubavu.

Hapa pana jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa. Hata mnyama akiwa amelala fofofo, aksilerometa haisomi sufuri. Inasoma mvutano wa dunia, ule wa mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Inasoma sufuri pale tu inapoanguka bila kuzuiwa, kama embe likitoka mtini. Kwa hiyo mnyama akilala chali, mvutano unaonekana upande mmoja. Akilala ubavu, unahamia upande mwingine. Yaani kidude hiki hakisomi mwendo peke yake, kinasoma na mkao pia.

Nilitaka kulijaribu jambo hili. Mwalimu wetu wa Fizikia ana simu yenye programu ya kuchora grafu ya mchapuko, na wanafunzi wa Kilimo wanafuga sungura nyuma ya jikoni. Nikamwendea.

"Mwalimu, naomba tumfunge sungura simu yako."

"Sungura ana uzito gani?"

"Kilo tatu, Mwalimu."

"Na simu?"

Tukaipima maabarani: gramu 190 pamoja na kifuniko chake. Mwalimu akaandika ubaoni kanuni ambayo watafiti wengi huifuata, kwamba mzigo usizidi asilimia 5 ya uzito wa mnyama, na wengine hushuka hadi asilimia 3. Asilimia 5 ya gramu 3,000 ni 150. "Sungura wa watu tumwache," akasema. Fanyeni hesabu nyinyi wenyewe. Panya wa gramu 20 anaruhusiwa gramu moja tu, na ndani ya gramu hiyo uweke kihisi, betri, mahali pa kuhifadhia habari, na ukanda wa kufungia! Mwanafunzi wa kilo 50 angebeba kilo mbili na nusu, na mikoba yetu ya Jumatatu inazidi hapo, lakini hilo ni lalamiko la makala mengine.

Basi tukamfunga mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza. Jina lake nalihifadhi, na tulimlipa mandazi mawili. Simu ilikazwa kiunoni kwa mshipi. Yeye alikaa chumba cha pili akifanya mambo kwa mpango aliopewa na Mwalimu, nasi wanne tukabaki maabarani tukiitazama grafu baadaye na kubashiri. Kati ya vipindi ishirini tulibashiri sawa kumi na kimoja. Kulala na kuketi tuliviona mara moja, kwa sababu ya ule mvutano kuhama upande. Kukimbia hata mtoto angekiona, mistari ilipanda na kushuka kama milima ya Taita. Lakini kula githeri na kuandika insha tulivichanganya kabisa, na mmoja wetu aliapa kwamba kijana alikuwa akifua nguo.

Siku ya pili tulibadili mpango. Tulimtazama kwa macho kwanza, na saa mkononi: saa nne na dakika tano ameanza kula, saa nne na dakika kumi na mbili amesimama. Kisha tukalinganisha na grafu, tukajifunza sura ya kila tendo. Ndipo tukarudi kubashiri bila kuona, na safari hii tukapata kumi na saba. Na ndivyo wataalamu wafanyavyo. Kihisi hakijui neno "kula". Ni lazima mtu aende mwituni amtazame mnyama aliyevaa kihisi, aandike anachofanya kila dakika, kisha kompyuta ifundishwe kuoanisha mtikisiko na tendo. Wanaofikiri kidude kimemwondolea mtafiti kazi ya kung'atwa na mbu wamekosea sana.

Mfano ulionivutia kuliko yote uko Kanada, katika eneo la Yukon, karibu na ziwa Kluane. Huko tangu mwaka 1987 watafiti wamekuwa wakiwafuatilia kindi wekundu, kizazi baada ya kizazi, kila mmoja akiwa na alama zake masikioni. Kindi huyo ana kama gramu 250, robo kilo ya sukari. Chakula chake kikuu ni mbegu za koni za miti jamii ya misonobari. Huzirundika koni hizo mahali pamoja kama ghala, na hulinda ghala lake kwa kelele kali ya kukereza, kuwaambia jirani: hapa pana mwenyewe.

Watafiti, akiwamo Emily Studd, waliwavika kindi kola ndogo zenye aksilerometa na kipimajoto pia. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 2019. Mtaona busara ya kuunganisha viwili hivyo. Kindi aliyetulia juu ya tawi na kindi aliyelala kiotani, kwa aksilerometa wote ni "ametulia". Lakini kipindi cha baridi huko joto hushuka hata nyuzi 30 chini ya sufuri, na kiota kilichofumwa kwa nyasi hushika joto la mwili. Basi kipimajoto kikipanda, kindi ameingia ndani. Kikishuka, ametoka. Kidude kimoja peke yake kingedanganya, lakini viwili vinasaidiana kama mashahidi wawili.

Na kipimo chenyewe kilichukuliwa mara moja tu kwa sekunde, ambayo kwa kazi za aina hii ni polepole. Mbona polepole? Kwa sababu ya betri na nafasi ya kuhifadhia. Mara moja kwa sekunde ni vipimo 86,400 kwa siku, na kwa pande zote tatu ni 259,200. Ukitaka mara 25 kwa sekunde zidisha mwenyewe uone betri ya ukubwa wa punje ya hindi itadumu muda gani. Fauka ya hayo, habari hizo hazirushwi hewani. Zimo ndani ya kola. Mtafiti ni lazima amnase kindi yuleyule tena, avue kola, ndipo asome. Asipomnasa, kindi anaondoka na maktaba nzima shingoni.

Kindi wengine walivikwa vinasa sauti. Ikaonekana kwamba kindi aliyezoeana na majirani zake kwa muda mrefu hupiga kelele chache za kulinda ghala, na hupata muda zaidi wa kukaa kiotani. Jirani mgeni humfanya akeshe akikereza. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu, maana bweni letu ni hivyohivyo. Muhula wa kwanza, kila mtu na kufuli mbili sandukuni. Muhula wa tatu, unaacha sabuni juu ya kitanda unakwenda zako.

Nyingine ni ya Alaska. Kuna kindi wa ardhini huko wa nchi za baridi kali, ambaye hulala usingizi mzito chini ya ardhi kwa miezi saba au minane ya mwaka. Mwaka 1989 Brian Barnes alieleza kwamba joto la mwili wake likipimwa kwa kihisi kilichopandikizwa ndani lilishuka hadi nyuzi 2.9 chini ya sufuri, na damu yake isigande! Mtu angesema huyo amekufa. Baadaye watafiti wakawavika pia vihisi vya mwanga. Kazi yake ni rahisi mno: gizani yuko shimoni, kwenye mwanga yuko nje. Kwa kuunganisha habari za miaka 25, Helen Chmura na wenzake walionyesha mwaka 2023 kwamba kadiri nchi ile inavyozidi kupata joto, majike wamekuwa wakiamka mapema zaidi, tofauti ikafika kama siku kumi, lakini madume hawajabadilika. Kwa kawaida dume hutangulia kuamka, maana mwili wake unahitaji muda kujiandaa kwa uzazi. Jike akizidi kuwahi, huenda siku moja akatoka shimoni akamkuta dume bado hayuko tayari. Habari ya aina hii usingeipata kwa kukaa kichakani na daftari hata ungekaa mpaka nywele ziote mvi.

Iko na njia ya gharama ndogo: kichipu kama punje ya mchele, kinachowekwa chini ya ngozi. Hakina betri. Mnyama akipita karibu na kisomaji, kisomaji ndicho kinachokipa umeme wa kutaja namba yake. Karibu na jiji la Zurich, Uswisi, panya wa nyumbani wanaoishi kwenye ghala moja la shambani wamekuwa wakisomwa hivyo milangoni mwa viota vyao, kujua nani analala na nani. Na hapa jirani, Morogoro, shirika la APOPO linawafunza panyabuku kutafuta watu waliofukiwa na vifusi, wakiwa na kijimkoba kilichobeba kamera. Lakini hao ni wanafunzi kama sisi, wana ratiba na chakula cha zawadi. Si wanyama wa porini, nami nawataja kwa sababu ni majirani.

Turudi kwa sange, maana hapo ndipo roho yangu ilipo.

Katika miaka ya 1970 Mmarekani Galen Rathbun aliwachunguza sange wa matako ya dhahabu katika msitu wa magofu ya Gede, mwendo mfupi kutoka kwetu. Katika miaka ya 1990 Clare FitzGibbon aliwafuata kwa redio ndani ya Arabuko-Sokoke. Iligunduliwa kwamba dume na jike wana himaya moja, Gede ilikuwa wastani wa kama hekta 1.7, ambayo ni viwanja viwili na ushee vya kandanda. Lakini mume na mke hao aghalabu kila mmoja hutembea peke yake na hulala peke yake. Kiota ni rundo la majani makavu ardhini, ambalo ukipita huoni kitu. Hulijenga asubuhi na mapema, majani yakiwa bado na umande, ili yasipige kelele. Na ana viota kadhaa, hubadilisha mara kwa mara, hakai kimoja kwa muda mrefu.

Nyanya alisema kweli. Kumbe jibu lilikuwapo nyumbani kwetu, na tungemwamini tusingehitaji njuga.

Njuga ile nilikuwa nimeifungia koponi miaka yote. Muhula uliopita niliileta shuleni nikaipima kwa mizani ya maabara, pamoja na kipande cha uzi. Nilitegemea kukuta uzito mkubwa, nijue ndio uliomuua. Ilikuwa gramu 22. Sange wa aina ile ana kama gramu 540, na asilimia 5 yake ni 27. Nikarudia kupima mara tatu. Tulikuwa ndani ya kanuni!

Nilimpelekea Mwalimu hesabu ile. Aliitazama, akaniuliza uzi ulikuwa umekazwa vipi. Nikasema ulikuwa legelege, tuliogopa kumkaba. "Basi kijiti kilipata pa kuingilia," alisema. Halafu akaniuliza kama njuga ilikuwa ikilia, ilhali mnyama huyo anangoja majani yalowe umande ndipo ayaguse. Nikakaa kimya. Alinieleza kwamba kola nzuri hukaa sawasawa na shingo, haina kinachoning'inia, na nyingine huwa na kiungo kinachokatika chenyewe ikinaswa. Na mtafiti hamwachilii mnyama akaenda zake. Hurudi kumtazama kesho yake, na kama anajikuna au hali vizuri, kola inavuliwa hata kama habari bado hazijapatikana. Kazi hiyo huhitaji kibali, tena watu wengine wakae chini waujadili mpango huo kabla mnyama hajaguswa.

Likizo ya Agosti nilimrudishia nyanya njuga yake. Nikamweleza habari za Gede, na kwamba wazungu waliofuata sange kwa redio walikuta vilevile alivyosema yeye. Hakushangaa. Aliuliza tu kama wale wa redio sange wao walipona. Nikasema wengi nadhani walipona. Akaitikisa njuga mara moja sikioni, akaifunga pamoja na wenzake kwenye kitambaa.